Siku Baba Alipoungama kwa Wakala wa Bima

Mimi nikianza kucheka sijui kusimama. Ndiyo maana mama alinikalisha karibu na mlango siku ile wakala wa bima alipokuja kwetu Kasense. "Ukishindwa kujizuia, toka ukachekee nje," aliniambia. "Leo baba yako anasema ukweli, na ukweli wa mzee huyu nimeutafuta tangu ndoa."

Chanzo kilikuwa msiba wa Kizwite. Rafiki wa mama, muuza vitumbua, alifiwa na mumewe. Marehemu alikuwa na bima ya maisha, kwa hiyo mjane alijua watoto watasoma. Wapi! Kampuni ikagoma kulipa. Kumbe marehemu alikuwa na kisukari miaka mingi, na alipoulizwa kabla ya kujiunga alisema yeye ni mzima, hajui hata mafua. Mama alirudi kutoka msibani akiwatukana wenye bima ukoo mzima. Wezi! Manyang'au!

Lakini hasira za mama haziuzidi udadisi wake. Akamtafuta wakala, kijana mpole wa kutoka Mbeya, akamhoji. Kijana akamweleza kwamba ukitaja ugonjwa wako mapema, kampuni itakukubali ulivyo, au itakutoza zaidi, au itasema ugonjwa huo tu hatuulipii, mengine yote tunalipa. Ukiuficha, wakaugundua ukishakufa, hawalipi kabisa, na wewe haupo tena wa kujitetea.

"Kumbe ni kama kuungama," mama akasema. "Dhambi uliyoificha ndiyo inayokuchoma."

Kijana wa watu, ambaye hata si Mkatoliki, akakubali tu. Hakujua amekubali nini.

Basi Jumapili baada ya misa, upepo ukigonga mabati, baba akakaa mbele ya wakala na koti lake la kanisani, vifungo vyote vimefungwa. Mama alikuwa amemwandaa wiki nzima: "Chunguza dhamiri, mzee. Ukificha kitu, ukifa mimi naambulia pole." Baba yangu ni mtu ambaye hata jembe likimkata mguu anasema ni mchubuko. Siku hiyo alikuwa anatokwa jasho.

"Shikamoo mzee," kijana alisema. "Una ugonjwa wowote?"

Baba akafanya ishara ya msalaba. "Mwanangu, sijaungama tangu Pasaka."

Nikajiziba mdomo.

"Mzee, mimi nataka magonjwa tu."

"Tulia, yanakuja." Akaanza na kuku wa mama mkwe, yule aliyesema kachukuliwa na kicheche. Akaenda kwenye nyama aliyokula wakati wa Kwaresima. "Halafu ule ulezi," akasema, sauti ikipungua.

"Ulezi gani?" mama akauliza.

"Ule ulioliwa na panya. Haukuliwa na panya. Niliupeleka kwa mpika pombe, kidogo kidogo."

"Panya!" Mama aliruka kutoka kwenye kiti. "Nimefuga paka kwa ajili ya panya huyo! Nampa maziwa kila siku, kumbe panya mwenyewe nalala naye kitanda kimoja!"

Paka, mnene huyo, alikuwa amelala juu ya mkoba wa wakala. Nilitoka mbio, nikashika ukuta, nikacheka mpaka machozi. Mungu wangu, sijawahi kucheka vile! Kwa hiyo yaliyofuata niliyasikia kupitia dirishani.

"Na kifua," baba aliendelea, kwa sauti ile ile ya ulezi. "Kinanibana nikipanda kilima na gunia. Mkono huu unakufa ganzi. Nakaa kwanza nyuma ya kichuguu mpaka kipite. Nikiulizwa nyumbani nasema nilikuwa naongea na jirani."

Mimi bado nilikuwa nacheka habari ya panya. Mama ndiye aliyeelewa. Jioni zote hizo alikuwa akimsema baba kwa umbea wake na jirani, ugali unapoa. "Tangu lini?" akauliza taratibu.

"Tangu mavuno ya mwaka juzi."

Hapo kicheko kikaniishia. Nikarudi ndani. Kijana akafunika kalamu yake. "Mzee, bima baadaye. Kesho hospitali."

Ulikuwa moyo. Daktari akasema angeendelea na magunia, pengine asingeyaona mavuno mengine. Akapewa dawa, akakatazwa mizigo. Na bima ilipokuja, ilikuja na sharti: kampuni italipa kifo chochote isipokuwa cha moyo.

Wengine wangelia. Mama alifurahi kama kapata mjukuu! Akamhoji wakala tena.

"Ajali?"

"Wanalipa, mama."

"Malaria?"

"Wanalipa."

"Radi?"

"Hata radi. Moyo tu ndio hawalipi."

Akamgeukia baba, kidole juu. "Umesikia? Kufa kwa moyo nimekukataza. Mengine tutaongea."

Tangu hapo kwetu ni vichekesho. Chumvi inafichwa. Gunia anabeba mama, na watu wakimuuliza baba kama haoni aibu kutembea mikono mitupu, anajibu, "Bima imenikataza." Muuza vitumbua alipokuja kutusalimia, mama alimshika mikono muda mrefu.

Mavuno yaliyopita nilikuwa nyumbani. Jioni niliwaona wakipanda kutoka shambani, mama mbele na gunia kichwani, baba nyuma na koti lake. Walipopita kichuguu, mama akageuka. Baba hakuwepo. Gunia likaanguka, mahindi yakatawanyika njia nzima, na mama akateremka mbio, mtu mzima yule, mimi nyuma yake napiga kelele.

Tukamkuta nyuma ya kichuguu amesimama, mzima, na mwenzake kando.

"Leo ni jirani kweli," alisema, mikono juu.

Jirani akatusalimu. Mama hakumjibu. Kwetu watu wazima hawashikani mbele za watu, lakini mama alifungua vifungo vya lile koti, akaingiza mkono, akauacha pale kifuani mpaka pumzi yake mwenyewe ikarudi.

"Haya," akamwambia, "twende ukaokote mahindi yangu. Moja moja."