Mchora Mabango wa Sinema Candra

Watu wa rika langu hapa Semarang, Indonesia, wakimwona mtu aliyepigwa mpaka uso ukaumuka, bado husema, "Huyu kawa bango la Candra." Vijana hawaelewi. Candra ilikuwa sinema nyuma ya soko, na mabango yake, makubwa kuliko nyumba zetu za kichochoroni, yalichorwa kwa mkono na jirani yetu Ngadiman.

Ngadiman alikuwa mpole mpaka anakera. Kuku akichinjwa uani, yeye aliingia ndani akafunga mlango; kazi ya kisu alimwachia mkewe, Sumirah. Lakini mpe brashi uone. Alichora vichwa vikiruka kutoka mabegani, majambia yakitokeza mgongoni, na damu iliyotiririka mpaka ukingo wa chini wa bango, hata ungedhani mvua ikinyesha itafika barabarani. Mwenye sinema, Bwana Gunardi, alikuwa akisimama chini ya ngazi na sigara yake ya karafuu, anapiga kelele: "Ongeza damu, Man! Watu hawaji kwangu kuangalia maji!"

Na wengi wa wale waliokufa kwenye mabango walikuwa mtu mmoja. Alikuwa Kusnan, mdogo wake Sumirah. Alikuwa na kifua kipana, shingo nene, na tatuu ya joka lililoanzia kitovuni likaja kuweka kichwa chini ya koo. Mkononi aliandikwa jina la mama yao, Painem. Alishinda kituo cha mabasi akiwapangia makondakta zamu na kuwatoza ushuru ambao serikali haikuujua. Sitamfanya malaika. Niliwahi kumwona akimvunja kondakta pua kwa kipaji cha uso, halafu akamwazima kitambaa chake ajifute. Nyumbani, hata hivyo, alikuwa mtu wa kubeba wagonjwa mgongoni kuwapeleka zahanati, na alipenda sana kuchorwa.

"Shemeji, wiki hii nakufa vipi?" alikuwa akiuliza, akivua shati pale uani.

"Mkuki," Ngadiman alijibu.

"Wa mgongo au wa tumbo?"

"Wa tumbo."

"Afadhali. Mkuki wa mgongo aibu, watu watasema nilikuwa nakimbia."

Analala chini, anatoa macho, anaachia mdomo wazi. Sisi watoto wa kichochoro tunamtekenya nyayo, yeye hatikisiki. Siku bango linapopandishwa, anawaleta rafiki zake wa kituoni kulitazama. "Mnamwona huyo marehemu?" anawaambia. "Jumatatu ijayo anafufuka, anakufa tena kwa bei ileile!"

Halafu ukaja ule mwaka wa themanini na tatu.

Maiti ya kwanza ilikutwa kando ya reli. Ya pili ilikutwa mbele ya shule. Baada ya hapo tuliacha kushangaa: waliokuwa wakiuawa ni wahuni wenye tatuu. Wote walifungwa vidole gumba kwa kamba nyuma ya mgongo, wote walikuwa na matundu kifuani na kichwani, na wote walivuliwa mashati ili tatuu zionekane. Magazeti yaliandika "wauaji wasiojulikana" na kuweka picha ukurasa wa mbele. Lakini gari zile za jeep tulizijua, na nywele zile zilizonyolewa fupi kiaskari tulizijua. Hatukuuliza, na kusema kweli wengi walifurahi. Wachuuzi waliokuwa wakikamuliwa kituoni walipumua.

"Mimi naona sawa tu," alisema Parto, muuza mishikaki wa kichochoro chetu. "Sasa hivi nalaza jiko langu nje na haliibiwi."

Asubuhi mtu akipita anapiga kelele "Kuna mpya!" watu wanaacha chai wanakimbia. Akina baba wanawapandisha watoto mabegani. Parto naye alijifunza kuhama na jiko lake: anabeba mpiko wake, jiko upande huu, nyama upande ule, anatega karibu na maiti, maana watu wakisimama sana wanapata njaa.

Candra ikawa tupu. Bwana Gunardi alikuwa anatembea kwenye viti vyake akilalamika. "Nani atakata tiketi aone mtu anauawa, na barabarani ni bure?" Akamwita Ngadiman. "Bango jipya, nataka mtu amefungwa vidole gumba. Kama hawa wa barabarani. Kifua wazi, matundu."

"Bosi, kwenye filamu hakuna kitu kama hicho. Ni filamu ya mapanga."

"Kwenye filamu hakuna, kwenye bango kitakuwepo."

Ngadiman alichora. Kusnan wakati huo alikuwa amejificha chumba cha nyuma cha dada yake, hawezi hata kutoka uani, kwa hiyo hakulala chini kuchorwa. Haikuhitajika. Mkono wa Ngadiman ulikwisha mzoea. Bango lilipopanda, Sumirah aliliona akitoka sokoni, akasimama katikati ya barabara huku pikipiki zinampigia honi. Kifua kilikuwa cha ndugu yake, na shingo ile. Kilichokosekana ni joka tu.

Alifika nyumbani akaweka kapu chini. "Umewachorea," alimwambia mumewe. "Walikuwa hawajui wamtafute nani, sasa wanamjua."

Kusnan ndiye aliyejibu, kutoka ndani. "Dada, mwache. Tatizo si bango. Tatizo ni hili." Akajipiga kifuani. "Washa pasi."

Walifanya mchana, redio ikiwa juu. Ilikuwa pasi ya makaa, ile nzito yenye komeo la umbo la jogoo wa shaba. Ngadiman alimkalia miguu. Kusnan aliuma kitambaa kilichokunjwa, akamwangalia dada yake, akaitikia kwa kichwa kwamba aanze. Sumirah alianzia kwenye kichwa cha joka. Mama yangu, aliyekuwa upande wa pili wa ukuta wa mianzi, alisema sauti ile haikuwa ya mtu, na harufu iliingia hata kwenye wali wetu. Ngozi ilishika kwenye chuma. Ikabidi Sumirah aibandue kwa kijiko. Alipofika mbavuni alitapika, akajifuta, akaendelea.

"Bado mkono," alisema.

Kusnan akatema kitambaa. "Huo hapana."

"Kusnan! Watakuua kwa sababu ya jina la mama?"

"Basi wakiniua watakuwa wamemsoma."

Kidonda kilitoa usaha, kikanuka, kikaanza kukauka. Mkia wa joka ulibaki karibu na kitovu, mwekundu, kama mnyoo. Na mtu aliyezoea kituo cha mabasi hawezi kukaa chumbani milele. Siku moja adhuhuri alivaa shati la mikono mirefu, akasema anakwenda kula soto, ile supu ya kuku, mkabala na Candra, bakuli moja tu, anarudi.

Ngadiman alikuwa juu ya kiunzi siku hiyo, anagusa rangi iliyofifia kwa jua. Akasikia breki. Alipogeuka aliona jeep imepanda kwenye kijia na wanaume wanne wanaingia kwenye kibanda cha soto. Kusnan aliwaona pia. Hakukimbia. Mchuzi wa moto alimmwagia wa kwanza usoni, yule akashika macho akipiga yowe. Wa pili Kusnan alimpiga kwa kigoda, meno yakaruka juu ya meza. Ndipo yule wa tatu akamvunja Kusnan mkono kwa kitako cha bunduki. Ngadiman alisema aliusikia ule mlio kutoka kule juu. Baada ya hapo walimpiga akiwa chini, kwa buti, kwa zamu, bila haraka. Watu walikuwa wamejipanga kwenye kijia kote na hakuna aliyesogea. Mtu mmoja alipiga makofi, halafu akaacha alipoona yuko peke yake.

Ngadiman aliteremka kiunzi akikosa vidato, akaanguka, akainuka. Jeep ilikuwa imekwisha ondoka na Kusnan. Kwenye kibanda palibaki bakuli na kiatu.

Kesho yake asubuhi tulisikia "Kuna mpya!" kutoka daraja la mfereji.

Alikuwa amelazwa chali penye njia panda ya daraja hilo, mahali pa kuonekana na kila aendaye sokoni. Shati lilikuwa limevuliwa. Kidonda cha pasi kilikuwa kimefunguka, na katikati ya kidonda kulikuwa na matundu matatu. Jicho moja lilikuwa wazi. Umati ulikuwa mkubwa kuliko wa siku nyingine, kwa sababu alitambuliwa.

"Si yule wa bangoni?"

"Ndiye! Yule anayekufa kila wiki!"

"Safari hii amekufa vizuri," mtu akasema, na watu wakacheka.

Ngadiman alipenya mpaka mbele. Hakulia. Alivua shati lake, akapiga magoti, akaanza kumfunika uso.

Parto alikuwa ametega jiko lake hapo pembeni, anapepea mkaa. Nina hakika hakuwa na nia mbaya. Aliongea kama mtu anavyoongea na jirani, akimwita "Mas", yaani kaka. "Mas Man, subiri kidogo usifunike. Watu ndiyo kwanza wanafika."

Ngadiman aliinuka. Akauokota ule mpiko wa mwanzi wa kubebea jiko, na pigo la kwanza likampata Parto juu ya sikio. Parto alianguka juu ya jiko, makaa yakamwagika, nyama zikatapakaa. La pili lilimpata mdomoni. Alijaribu kutambaa chini ya miguu ya watu. Watu wakarudi nyuma wakafanya duara, wakamwachia Ngadiman nafasi. Akampiga mgongoni, akampiga mikono aliyojikingia, mpaka mwanzi ukapasuka ukawa na ncha, na ncha ile ikaingia kwenye jicho la kushoto. Umati ulikuwa unashangilia sasa. Mmoja akapiga kelele: "Ongeza, Man! Ongeza!"

Miaka mingi baadaye Ngadiman alimwambia mkewe kwamba alilisikia neno lile, na mkono wake ukalitii. Alisema alikuwa anaona hata pigo linalofuata litatoa damu upande gani.

Sumirah ndiye aliyevunja duara. Alimpiga mumewe kofi, halafu akajilaza juu ya Parto, kanga yake ikalowa. "Leo nazika mmoja!" alipiga kelele. "Mmoja tu! Mnataka wangapi?"

Ngadiman akaachia mwanzi. Watu wakaanza kuondoka, wengine wakinung'unika, kama wanavyonung'unika taa za sinema zikiwashwa mapema.

Hapakuwa na kesi. Askari aliyekuja aliandika kwamba wahuni wamegombana, akala mishikaki miwili iliyobaki safi, akaenda. Mwili wa Kusnan aliuosha Ngadiman mwenyewe. Kamba ya vidole ilikuwa imezama nyamani, ikabidi aikate kwa wembe. Kwenye maziko walikuwepo watu wa nyumba yake na mama yangu.

Ngadiman alirudi kazini, maana mchele haununuliwi kwa huzuni. Lakini kazi ilimkataa. Wafu wake walianza kutoka kwenye brashi wakiwa wamefumba macho, wamelazwa vizuri, mikono imenyooshwa. Bwana Gunardi alivumilia mabango mawili. La tatu akalitazama, akatupa sigara yake.

"Nimekuagiza maiti," alisema. "Umeniletea mtu aliyechoka."

"Ndivyo ninavyoweza sasa, bosi."

"Basi nenda kapumzike naye."

Ngadiman akaanza kuchora vitambaa vya vibanda vya chakula, vile vya kando ya barabara: kambare mwenye sharubu, bata, jogoo, kamba wa baharini. Vilikuwa vizuri sana. Wenye vibanda walikuja hata kutoka mji wa Kendal. Aliwachora wanyama wakiwa hai, wanaogelea, wanatembea, hata mteja mmoja akalalamika kwamba yule bata anamtia huruma hawezi kumla.

Na kila alasiri alikwenda kwa Parto. Siku za kwanza mke wa Parto alimfukuza. Mara moja alimrushia maji ya moto yakamchubua bega. Ngadiman alirudi kesho yake na bega lake limefungwa majani ya mgomba, akakaa kizingitini. Parto alikuwa amepoteza jicho, na sikio moja lilikuwa linavuma tu. Hakuweza tena kubeba jiko kwenda mbali. Alilitega mlangoni kwake, na moshi ulikuwa unamwumiza tundu la jicho.

"Sijakusamehe," Parto alimwambia, siku aliyomruhusu asogee.

"Najua, Mas."

"Nikifa pia sitakusamehe."

"Najua."

"Basi pepea. Moto unazimika."

Alipepea jiko lile miaka kumi na zaidi. Mimi nilinunua mishikaki pale nikiwa msichana, na sikuwasikia wakizungumza chochote zaidi ya chumvi na mkaa. Parto alitangulia kufa. Ngadiman alimfuata mwaka wa tisini na nane, rais mzee alipoangushwa, wakati miji ilikuwa inachomwa maduka na watu wanapiga picha.

Baada ya hapo walikuja vijana kutoka Jakarta, wenye vinasa sauti, kuuliza habari za waliouawa themanini na tatu. Sumirah aliwakaribisha chai. Walimuuliza nani alimuua ndugu yake. Aliwatajia ile jeep, rangi yake, na yule mwenye meno yaliyovunjwa, kwamba alikuwa akimwona sokoni na meno ya dhahabu. Kisha akawaambia waandike pia waliokuwa wanatazama.

"Hao ni wengi, mama," kijana mmoja alisema.

"Nawajua kwa majina," Sumirah alijibu. "Andika, naanza na mtaa huu."