Tulimleta punda alinde mbuzi, akaanza kumlinda na baba yangu

Wakuu, hamjambo huko mliko. Mimi humu huwa nasoma tu na kupita, lakini hili lilitokea kwetu Makwasinyi na nililiona kwa macho yangu. Sijaongeza chumvi.

Kwetu ni chini ya mlima Kasigau. Asubuhi ukungu unashuka mpaka unagusa mabati. Jua likitoka, kila kitu kinakuwa chekundu: barabara, mbuzi, mpaka nguo ulizoanika.

Nilirudi nyumbani kukaa na baba baada ya mama kufariki. Mzee alikuwa amenyamaza. Si ugonjwa, alinyamaza tu. Akimaliza chai anachukua fimbo, anatoka na mbuzi wa mama, anarudi nao jioni.

Hao mbuzi ndio walikuwa wanamtoa kitandani.

Shida ikawa mbweha. Walichukua watoto wa mbuzi mchana kweupe. Halafu watu wakaanza kusema wameona duma upande wa ranch ya mifugo. Kila mbuzi akipotea, mzee anaacha chakula kwenye sahani.

Kaka yangu akapiga simu kutoka Voi. "Uza hao mbuzi, umlete mzee huku mjini."

Nikamwona baba akilini mwangu, kwenye nyumba ya kupanga, akiangalia ukuta. Nikasema hapana.

Jirani yetu Mama Wakesho ndiye alikuja na idea. Alikuwa na punda jike wa kubeba maji, na tangu bomba lifike, punda hana kazi.

"Mghoi, mchukue huyu," akaniambia. "Punda hapatani na mbwa wala chochote kinachonyemelea. Mlaze na mbuzi, ale nao. Lakini awe mmoja. Wakiwa wawili watapiga story zao, mbuzi wasahaulike."

Nilicheka, wakuu. Lakini nikamchukua.

Tulimwita Madam kwa vile alivyotembea, kama mwalimu mkuu anakagua parade. Mwanzoni mbuzi walimkimbia. Taratibu wakazoea.

Ikafika mahali ukifungua boma asubuhi unakuta vitoto vimeegemea tumbo lake, ukungu umewafunika wote, masikio yake tu ndiyo yanaonekana. Nilikuwa nasimama hapo na kikombe changu mpaka chai inapoa. Ni kama bado naota.

(Mbwa wetu ilibidi ahamie kwa Mama Wakesho. Alipigwa teke mara moja, akaelewa.)

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa mchana, jua kali, hewa inatetemeka juu ya vichaka. Niko jikoni nageuza maharagwe, nikasikia Madam analia. Si sauti yake ya kila siku. Hii ilikuwa inakatika, inarudi, inakatika.

Nikatoka mbio.

Niliwakuta mbuzi wamejikusanya chini ya mgunga. Katikati yao baba amelala chini, kofia usoni.

Mbele yao Madam, shingo ameinamisha, masikio yamelala nyuma. Na mbele ya Madam, duma.

Madam akamrukia. Hakusita hata kidogo. Duma akarudi nyuma, akasimama, akatazama kama mtu aliyebisha hodi nyumba ambayo siyo. Halafu akaondoka polepole, akayeyukia kwenye ile hewa inayotetemeka. Kimya kabisa.

"Baba! Baba!"

Nikasogea. Madam akanigeukia mimi. Nikijaribu kupita huku, anazunguka huku, kwato zinapiga chini. Wakuu, huyo punda nilikuwa namlisha kwa mkono wangu!

Baba akaondoa kofia. Alikuwa amesinzia tu. Akaangalia mbuzi, akamwangalia Madam, akaniangalia mimi nimesimama mbali nalia, mwiko mkononi.

"Mwache," akasema. "Anafikiri mimi ni mbuzi."

Akaanza kucheka. Tangu mazishi sikuwa nimesikia hicho kicheko. Nikacheka na mimi huku machozi yanatoka. Madam akarudi kwenye nyasi zake.

Maharagwe yaliungua yote. Tukiwa njiani kurudi, baba alinisimulia jinsi mama alivyowapa mbuzi majina ya mawifi zake, ili awagombeze kwa uhuru. Sikuwa najua. Aliongea mpaka tukafika nyumbani.

Nilichojifunza: awe punda jike, awe peke yake, akae na mbuzi usiku na mchana, na mbwa awe mbali. Si dawa ya kila kitu. Mbweha bado wanapita, na simba akija sidhani Madam atamweza. Lakini mzee siku hizi anamaliza chakula.

Kama umejaribu punda, bata bukini au mnyama mwingine yeyote, tuambie hapa chini. Baba ananiuliza kila jioni kama kuna aliyejibu, na anataka nimsomee kila neno.