Siku Nilizomfundisha Mwanangu Kuniita Dada

Baba alikuja kunichukua shuleni akiwa amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa ameitwa kwa barua, naye alidhani amechaguliwa kuingia kamati ya wazazi. Nilikuwa kidato cha pili. Mkuu wa shule alimweleza kwa upole kwamba nina mimba ya miezi minne na kwamba utaratibu haumruhusu kunibakiza. Baba alisema, "Asante, mwalimu," kana kwamba amepewa kitu. Njia nzima hadi nyumbani, upande wa Nangwa, alitembea mbele yangu na hakugeuka hata mara moja.

Kijana aliyenipa mimba alikwenda machimbo ya Mirerani kutafuta mawe ya vito kabla mtoto hajazaliwa. Hakurudi, wala habari hii si yake.

Nilijifungua mtoto wa kike. Kwa miaka minne nilikuwa mtu wa shambani na mtu wa maziwa. Asubuhi nilipeleka maziwa kwa watumishi waliopanga karibu na barabara, na kila nilipoona sketi za shule zinakuja nilikata kupitia kwenye mahindi. Wenzangu niliosoma nao walifika kidato cha nne, wakamaliza, nami bado nilikuwa ninakata kupitia kwenye mahindi.

Mmoja wa watu wangu wa maziwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa Kiislamu aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Siku moja aliniuliza niliishia kidato cha ngapi. Hakuuliza kwa nini. Aliniambia kuna masomo ya jioni mjini Katesh, katika madarasa ya shule moja ya msingi baada ya watoto kuondoka, kwa watu wanaojiandaa na mtihani wa maarifa, ule ambao wote tuliuita QT. Ukifaulu huo unaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa binafsi. Nilimwambia nitafikiria. Yeye akasema nimekwisha kufikiria miaka minne, inatosha.

Mama alikubali kubaki na mtoto. Baba hakukubali wala hakukataa. Alinipa daftari moja, akaenda kuangalia ng'ombe.

Siku ya kwanza darasani nilikaa na msichana wa umri wangu aliyekuja kutoka upande wa Mbulu na kupanga chumba pale mjini. Alikuwa mchangamfu. Tulisalimiana, tukaulizana tulipotoka, kisha akaniuliza taratibu, "Wewe una mtoto?"

Nikasema, "Sina."

Sikujiandaa kusema hivyo. Neno lilitoka lenyewe, jepesi, na nilipolisikia nikaona kumbe inawezekana. Yule msichana akafungua kitabu chake. Nilifurahi kwamba hakuuliza zaidi.

Mambo yalikwenda hivyo hadi mavuno ya maharage, mama alipokuwa anashinda shambani na hapakuwa na wa kumwachia mtoto. Ningeweza kukaa nyumbani wiki mbili. Lakini mwalimu wa hesabu alikuwa ametangaza jaribio, na hesabu ndiyo iliyokuwa ikinishinda. Nikamchukua. Njiani, tulipoanza kuona mabati ya Katesh, nilichuchumaa mbele yake nikamfunga vizuri kilemba cha baridi, nikamwambia, "Tukifika kule, niite dada. Usiniite mama. Umesikia?"

Akauliza, "Kwa nini?"

Nikamwambia ni mchezo. Akacheka. Alipenda michezo. Alirudia "dada, dada" hadi tulipofika, na darasani alipotaka maji alisema, "Dada, naomba maji," kwa sauti nzuri mno, akanitazama aone kama nimefurahi. Niliwaambia wenzangu ni mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumbani. Waliamini, au hawakujali. Alikuja nami siku nne, na siku zote nne hakukosea.

Siku ya tano ndiyo ilikuwa ya jaribio. Nilimwacha nje ya dirisha acheze na visoda. Nyuma ya darasa kulikuwa na rundo la mawe ya msingi wa jengo lililokuwa halijaanza. Nilikuwa kwenye swali la tatu niliposikia kishindo, halafu kimya, halafu kilio.

"Aayo!" alilia. "Aayo!"

Kwa lugha yetu ndiyo mama. Darasani wengi wetu tulikuwa Wairaqw, kila mtu alielewa. Lakini watoto wote wakiumia humwita mama, hata mama akiwa mbali, na hilo ndilo nililoliwaza. Niliwaza kwamba bado hakuna kilichoharibika. Nilishika kalamu. Nilijiambia ngoja alie kidogo, anyamaze, nitatoka kama anavyotoka dada, bila haraka. Sijui nilikaa muda gani. Ulitosha kwangu kuandika mstari mzima wa jibu, na baadaye, karatasi iliporudishwa, mstari ule ulikuwa sahihi.

Aliyetoka ni mwashi mmoja, mtu mzima kuliko sisi wote, aliyekaa benchi la nyuma. Alirudi amembeba, damu zinamtiririka mtoto kutoka juu ya jicho hadi kwenye shati la yule mwashi. Ndipo nikasimama.

Alitupakia kwenye baiskeli yake, mimi nyuma na mtoto mapajani mwangu, akatusukuma hadi zahanati. Nesi alisafisha kidonda, akasema lazima kishonwe. Akaniuliza kama mimi ndiye mama yake.

Kabla sijafungua mdomo mtoto alijibu. Alikuwa ameacha kulia, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Akasema, "Mama hayupo. Huyu ni dada."

Nesi akanitazama. Mwashi akanitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na nafasi yenyewe ilikuwa pana. Nikasema, "Mama yuko shambani. Mimi ni dada yake."

Alishonwa nyuzi tano. Nesi alimsifu kwa ujasiri, akaniambia nimpe mama yetu salamu na nimweleze alete kadi ya kliniki.

Yule mwashi alitusindikiza hadi nje ya mji. Aliongea mambo ya hesabu tu, akanieleza swali la tano ambalo sikulifikia. Tulipoagana alimshika mtoto kichwani, akasema, "Pole, mwanangu." Mimi hakuniambia pole.

Mama alikuwa amekwisha kurudi nyumbani. Alipoona bandeji alimpokea mtoto, akauliza, na mtoto akamweleza yote: mawe, damu, sindano, na mchezo wa dada. Alieleza kwa fahari kwamba hakukosea hata kwa nesi. Mama alimlaza kwanza. Kisha akakaa kwenye kigoda, akaanza kuchambua maharage, nami nikachuchumaa kumsaidia.

"Ulipopata mimba," alisema bila kuninyanyulia macho, "mimi na baba yako tuliwekwa benchi la nyuma kanisani. Mwaka mzima hatukushiriki meza ya Bwana. Watu wa kijiji cha Gehandu waliokuja kwenye harusi ya jirani waliniuliza, huyo binti mwenye tumbo ni wa nani? Nikawaambia ni wangu."

Tulichambua maharage hadi sinia likaisha. Sijawahi kupigwa na wazazi wangu kwa ajili ya ile mimba, na jioni ile nilitamani wangekuwa wamenipiga, nikalia, tukamalizana.

Wiki iliyofuata mavuno yalikuwa yamekwisha na mama angeweza kubaki naye, lakini nilimchukua. Njiani nilimwambia mchezo umekwisha, aniite mama. Alikunja uso. Tulipoingia darasani wenzangu walimzunguka, wakamuuliza kidonda kinaendeleaje, naye akanigeukia mbele yao wote akasema, "Dada, nionyeshe."

Nilimnong'oneza, "Mama. Sema mama."

Akasema kwa sauti, "Hapana. Shuleni wewe ni dada."

Ikabidi niseme mwenyewe. Nilisema nikiwa nimesimama, kama mtu anayejibu swali la mwalimu: "Huyu si mdogo wangu. Ni mwanangu. Nilimzaa mimi." Mwashi alikuwa anachonga penseli, akaendelea kuchonga. Mwalimu wa hesabu aliingia, akaomba tukae, akaandika ubaoni. Siri niliyomfundisha mtoto wangu kuilinda haikuwa na mtu aliyeitaka.

Yule msichana wa Mbulu ndiye pekee aliyesema kitu, wakati wa kutoka. "Siku ile nilikuuliza kwa sababu nilitaka kukueleza wa kwangu," alisema. "Yuko kwa bibi yake. Ana miaka mitatu. Uliposema huna, nikaona aibu." Tuliendelea kukaa benchi moja hadi mtihani, lakini hakunieleza tena habari za mtoto wake, nami sikuthubutu kuuliza.

QT nilifaulu. Kidato cha nne nilianguka mara ya kwanza, nikarudia, nikapata alama za kuniingiza chuo cha ualimu. Nilipopangiwa kituo cha kwanza cha kazi, wilayani Mbulu, binti yangu alikuwa darasa la tano. Nilimwomba atoke kwa wazazi wangu aje tuishi pamoja. Alikuja na sanduku la bati, akaniamkia shikamoo kwa adabu, kama anavyowaamkia walimu. Ilimchukua muhula mzima kuniita mama mbele za watu, na mara nyingi aliacha kuniita chochote. Alisubiri tu nigeuke.

Sasa ni mtu mzima na tunaongea vizuri. Huwasimulia rafiki zake kwamba mama yake alisoma akiwa na mtoto mgongoni, na wao hunisifu. Mimi huinuka nikaongeze chai. Sijui kama anakumbuka zahanati ile. Alikuwa na miaka minne, huenda amesahau. Nimepata nafasi nyingi za kumuuliza.