Mama Kola ajifunza mikono

Saa saba mchana kengele inalia, na mashine za kiwanda cha mashati zinanyamaza. Wafanyakazi wanatoka na vyakula vyao. Mama mmoja wa miaka hamsini na tisa hatoki. Anavuka ukumbi, anakaa kwenye cherehani isiyo yake na kuanza kuharibu kitambaa.

"Usikivute, dada! Kisindikize tu," shoga yake aliyesimama nyuma, mkate mkononi, anamkemea. "Umekikamata kama mwizi!"

Anayekemewa huitwa Mama Kola. Amefanya kazi hapa miaka thelathini na mmoja, na muda wote huo ameshona kola peke yake. Shoga yake hushona mikono. Mwingine mifuko, mwingine vifungo. Shati hupita kwa kila mtu, na hakuna anayelishona zima.

Kola zake ni moto wa kuotea mbali. Anazigeuza huku anapiga soga, na ncha zinatoka kali, sawasawa. Ila mkono wa shati umemtoa jasho, na baada ya miezi mitatu anastaafu.

Mtaani hakuna anayejua siri hiyo ya kushona kola tu. Majirani wanamwita fundi. Walipouliza mbona nguo zake hununua dukani, alijibu, "Kinyozi hajinyoi," wakacheka, yakaisha.

Kumbe hayakuisha. Mwaka jana binti yake, ambaye ni muuguzi, alimnunulia cherehani ili akistaafu ashone barazani na kujipatia riziki. Akaleta na kitambaa cheupe: siku ya harusi yake, baba avae shati lililoshonwa na mama.

"Nilicheka tu, mwanangu," Mama Kola ananiambia mimi mwandishi. "Ningemwambia nini? Kwamba mama yako anajua shingo tu?"

Alinunua kitambaa cha bei rahisi, akajifungia chumbani kujaribu. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, ndiye aliyelivaa shati hilo la kwanza. Mifuko na vifungo vilikaa vizuri, lakini mkono wa kulia ulikuwa umeshonwa kushoto, na wa kushoto kulia. Mzee akajitazama kwenye kioo.

"Mke wangu," akasema, "shingo imekwenda harusini, mikono iko polisi."

Mama Kola akaangua kilio, akamweleza yote. Mzee alicheka hadi akakaa kitandani, kisha akamfuta machozi. "Mimi nimeendesha lori maisha yangu yote, na injini siijui. Kuuliza si ujinga. Nenda kaulize."

Ndipo alipomfuata shoga yake wa mikono. Kila mchana, wakati wa chakula, wanafanya mazoezi kwa vipande vya kitambaa vilivyotupwa.

Leo, kwa mara ya kwanza, mkono unakaa begani bila kukunjamana. Mama Kola anaugeuza ndani nje, anatafuta kosa, halioni. Machozi yanamlengalenga, wala hayaonei haya.

"Sasa nitakata kile cheupe," anasema. "Nikimkabidhi binti yangu shati, nitamwambia ukweli wote. Halafu nitakaa barazani kwangu nikiwa fundi kweli."

Kengele inalia tena. Anainuka kurudi kwenye kola zake, lakini shoga yake anamshika kanga na kushusha sauti.

"Kesho zamu yangu, dada. Unifundishe kola. Mwakani nastaafu, na mimi nyumbani wananiita fundi."