Karani Aliyemuua Seremala

Hakuna aliyempenda karani wa ofisi ya wanafunzi, naye hakuwa na mpango wa kupendwa. Dirisha lake lilikuwa na nondo, na kwenye nondo aliifunga kalamu kwa kamba fupi, hata mtu mrefu akawa analazimika kuinama ili aweke sahihi. Ukimwambia kamba ni fupi, alikujibu kwamba kalamu ya kwanza ilikuwa na kamba ndefu, nayo iliondoka pamoja na kamba yake.

Chuo chenyewe ni cha jamii: ufundi wa miaka miwili, vyumba tisa, karakana nne, na wanafunzi ambao wengi wao hufika darasani wakiwa wameshafanya kazi nyingine tangu alfajiri. Wenye bahati hulipiwa ada na wafadhili. Kila mwaka wafadhili hualikwa ukumbini kula chakula cha mchana, na kabla sahani hazijaondolewa, mwanafunzi mmoja husimama kusoma barua ya maisha yake. Barua ikigusa, mikono huingia mifukoni. Barua ikipwaya, watu hutazama saa.

Barua hizo aliziandika karani. Miaka kumi na miwili. Wanafunzi walimwita Mama Machozi, kisogoni pake, wakidhani hajui.

Mwombaji aliketi kwenye benchi, na karani akamhoji kwa sauti ya mtu anayetafuta mwizi. Paa linavuja? Mnalala wangapi? Nani mgonjwa? Kikohozi alikigeuza kuwa kifua, kifua akakilaza hospitali. Mama mzazi wa karani, ambaye aliishi naye na ndiye aliyesomewa barua zote wakati wa kula, alimwambia siku moja, "Mwanangu, barua zako zina mvua nyingi. Mji huu haujawahi kunyeshewa hivyo."

"Wafadhili hawatoi kwa jua, mama."

"Na huyu wa leo umemvunja nani?"

"Shangazi yake. Kidogo tu."

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata mara moja: mwanafunzi haioni barua mpaka amesimama mbele ya watu. Aliyeisoma nyumbani, alisema, ukumbini huisoma kama tangazo la mnada. Yeye alitaka sauti ikatike yenyewe, mstari wa tatu, pale alipokuwa amemweka mama mzazi.

Ukali ule ulikuwa na mzizi. Akiwa na miaka kumi na tisa aliwahi kuwa mwanafunzi wa chuo hichohicho. Aliandika barua yake mwenyewe, mistari kumi, akisema anapenda masomo na hana ada, basi. Kamati ya wakati ule iliirudisha ikiwa na maneno mawili kwa kalamu nyekundu: Haina mguso. Muhula ulipokwisha akaondoka. Alirudi miaka mitano baadaye kwa mlango wa wafanyakazi, na tangu hapo hakuna barua iliyopita mikononi mwake ikakosa mguso.

Mwaka huo alikuja binti wa useremala, wa mwaka wa pili, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Baba yupo?"

"Yupo. Ila hanisemeshi, na ada hatoi. Nalala kwa shangazi."

"Anafanya kazi gani?"

"Fundi."

Karani hakuuliza fundi wa nini. Alikuwa anaitazama fomu ya kamati, ambayo ilimpa yatima pointi ishirini na mwenye baba ikampa sifuri. Binti alipungukiwa na pointi kumi na saba. Asipopata ufadhili, hasajiliwi muhula wa mwisho, na jasho la zaidi ya mwaka mzima linakwenda na maji. Karani alikuwa amewahi kuvunja miguu na kuezua mapaa, lakini hakuwahi kuua. Alisugua kidole gumba kwenye ukingo wa meza, kisha akamuua baba wa binti kwa homa, katika sentensi mbili fupi, na akaongeza kwamba marehemu aliuza koti lake la pekee ili bintiye anunue randa.

Kamati ilipoisoma ililia, ikampa binti ufadhili. Mwenyekiti, mfanyabiashara wa saruji asiyelia hata saruji inapoloa, aliagiza kitengenezwe kibao cha mbao kitundikwe ukumbini Jumamosi, siku ya chakula cha wafadhili, chenye majina kamili ya marehemu na maneno ya kumsifu kwa kujinyima. Karani akapiga chapa maneno ya kuchongwa na kuyapeleka pale alipopeleka vibao vyote vya chuo: kwa Mzee Randa, seremala wa barabara ya pili. Ndivyo alivyomjua kwa miaka yote, Mzee Randa. Hata risiti zake alizitia sahihi hivyohivyo.

Alhamisi saa nne asubuhi Mzee Randa aliingia ofisini bila kubisha.

"Mzee, kibao cha Jumamosi, mbona mikono mitupu?"

Aliweka karatasi mezani. "Huyu marehemu alikufa lini?"

"Kwani unachonga tarehe? Wewe chonga majina."

"Nauliza kwa sababu jana nilikula vizuri, nikalala vizuri. Sikuhisi chochote."

Akatoa kitambulisho chake, akakilaza juu ya karatasi, majina matatu juu ya majina matatu. Karani aliyasoma ya juu, akayasoma ya chini. Halafu akainuka akafunga mlango.

"Kaa, mzee."

"Maiti hakai. Nani kaniua, yule mtoto?"

"Yeye hajui lolote. Ni mimi."

"Nimekukosea nini mimi? Hiyo droo yako niliitengeneza bure."

"Mimi hujanikosea. Umemkosea yeye. Una karakana, una mashine mbili, mtoto wako analala kwa shangazi na anatafuta ada kwa watu asiowajua."

"Anafundishwa mbao na watu baki, na mimi nipo. Unajua nilivyochekwa barabara nzima?"

"Fomu yake inasema alikaa kwako miaka sita baada ya shule. Ulimfundisha nini?"

Seremala akatazama dirishani.

"Nakuuliza wewe. Aliwahi kugusa mashine?"

"Mashine si mchezo wa msichana."

"Aligusa nini?"

"Msasa," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Na ufagio."

"Basi usiniulize kwa nini nimekuua. Kwenye fomu hakuna kisanduku cha baba wa namna yako."

Mishipa ilimsimama seremala shingoni. Alikichukua kitambulisho na karatasi, akavikunja pamoja. "Hapa mmeandika nilijinyima. Jumamosi nakuja. Nitakaa mbele kabisa, nione watu wanavyonililia."

"Ukifungua mdomo, mwanao ndiye atakayekosa."

"Na wewe je?"

"Na mimi."

"Afadhali umesema," akajibu, na kuondoka akiwa ameuacha mlango wazi.

Siku nzima karani hakuandika kitu. Ijumaa alikwenda karakana ya useremala, mahali asipopakanyaga kwa sababu vumbi lilimpandisha mafua. Binti alikuwa ameinamia fremu ya mlango, akipima pembe kwa jicho moja. Karani alimngoja amalize pembe ile, akamweleza yote akiwa amesimama, bila kupunguza na bila kuongeza, jambo ambalo hakulizoea.

Binti akaiweka patasi chini polepole sana.

"Umemuua baba yangu kwa pointi ishirini."

"Ulipungukiwa kumi na saba."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo maana ilikupasa uniulize." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Mimi na mzee hatuongei, lakini ni ugomvi wangu mimi na yeye. Nani amekuita wewe kati yetu? Barua yako baki nayo. Kesho nitasema mwenyewe."

"Ukisema kweli, ada huna."

"Na wewe kazi huna. Hicho ndicho kilichokuleta huku kwenye vumbi."

"Vyote viwili," alisema karani, akapiga chafya, akarudi ofisini.

Jumamosi ukumbi ulijaa harufu ya sabuni ya sakafu na manukato ya wageni. Mzee Randa alikuwa amekaa mstari wa mbele kama alivyoahidi, gunia lililofunika kibao likiwa mapajani, na mhudumu aliyejaribu kumhamisha alipewa jicho moja tu akaondoka zake. Karani alisimama ukutani nyuma. Binti alipanda jukwaani bila karatasi. Mwenyekiti akamwonyesha meza kwa kidole, kwamba barua ile pale, lakini binti hakuitazama.

"Baba yangu hajafa," alisema. "Ni yule mwenye gunia. Ada hanilipii, kwa sababu hataki nijifunze nje kazi ambayo nyumbani hakunipa. Barua iliyoletwa kwenu si yangu, msinihesabie. Naomba mnisaidie kwa sababu fremu nikitengeneza mimi mlango haukwami, na bado kuna mambo sijui, nataka niyajue. Sina zaidi."

Ilikuwa mistari sita au saba. Karani aliisikiliza akaikumbuka mistari yake kumi, maana mtu anaijua sauti yake hata ikitoka kinywani mwa mwingine.

Hakuna aliyepiga makofi. Uma ulianguka. Mgeni mmoja mwenye tai ya kijani alimgeukia seremala. "Mzee, anayosema ni kweli?"

"Kwamba nipo? Unaniona."

"Na hilo la ada?"

Seremala aliinuka, akaifungua kamba ya gunia kwa vidole vinene, akakisimamisha kibao mezani katikati ya glasi. Kilikuwa na majina matatu, yamechongwa vizuri, yaking'aa kwa vanishi. Sehemu nyingine yote ilikuwa tupu.

"Hilo nalo ni kweli," alisema. "Nimechonga jina. Maneno mengine mliyoniandikia yalikuwa ya uongo, la kufa na la kujinyima, yote mawili."

Kamati ilikutana dakika kumi kwenye stoo ya viti. Ufadhili ulihamishiwa kwa aliyefuata kwenye orodha. "Huyu ni yatima halisi," mwenyekiti alisema, kama anayechagua tunda lisilo na doa. Kisha akamkabili karani. "Umetuaibisha mbele ya wageni. Jumatatu kabla ya saa sita funguo ziwe kwa msajili."

"Zitakuwepo. Lakini fomu ni yenu, mwenyekiti. Pointi ishirini za kifo mliziweka nyinyi."

"Usinifundishe kazi."

"Nani angeweza," alisema karani, akachukua mkoba wake.

Nje, karibu na lango, seremala na bintiye walikuwa wamesimama hatua tano mbali, kama watu wanaogombea kivuli. Karani hakuwa na njia nyingine ya kutokea, akasikia.

"Jioni wanafundisha?" aliuliza seremala.

"Wanafundisha. Ada nusu."

"Asubuhi njoo karakana. Nitakulipa kama ninavyowalipa wengine."

"Kwa ufagio au kwa mashine?"

"Mashine. Ukikata kidole usije kunililia."

"Nikikata nitakwenda hospitali. Kwako sitakuja."

"Vizuri."

"Vizuri."

Wakaachana, kila mmoja kwa njia yake, na hakuna aliyeaga.

Jumatatu saa tatu binti alifika dirishani na fomu ya kuhamia masomo ya jioni. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuhama. Muhuri wa karani uligongwa mara moja, ila fomu ilihitaji pia sahihi ya msajili, na msajili, aliyekuwa amepigiwa simu na mwenyekiti asubuhi ile, alikuwa ameshamwambia binti aje muhula ujao.

Karani aliitazama fomu. Ilikuwa imejazwa kwa herufi kubwa, nzito, za mtu aliyezoea penseli ya kupimia mbao. Alitoka nyuma ya nondo zake, akapita ukumbini akiwa na fomu mkononi, akasimama kwenye mlango wa msajili. Mlangoni kabisa, mabega yake mapana yakiwa yameziba mwanga.

"Nina wageni," alisema msajili.

"Nawaona. Fomu hii haina kosa, imefika ndani ya muda, na sheria ya kuhama niliipiga chapa mimi mwenyewe. Haiwataji wafadhili wala mwenyekiti."

"Wewe saa sita unaondoka."

"Saa sita bado. Nikitoka hapa bila sahihi, hizi funguo utazitafuta nyumbani kwangu, na mama yangu ndiye atakayekufungulia mlango. Huyo hujamjua."

Wageni wa msajili walitazama viatu vyao. Saa ya ukutani ilikwenda. Msajili alimngoja aondoke, naye hakuondoka, na baada ya dakika kumi za kukohoa na kupanga mafaili, alivuta fomu akaisaini kwa nguvu hata karatasi ikachanika kidogo pembeni.

Karani aliirudisha dirishani akaipitisha kati ya nondo. Binti aliisoma yote, kuanzia juu, neno kwa neno, kabla ya kuikunja.

"Sijakusamehe," alisema.

"Sijakuomba."

"Nasema tu, ujue."

"Nimejua. Kipindi kinaanza saa kumi na moja. Mwalimu wa jioni akifunga mlango hafungui."

Binti aliitia fomu mfukoni mwa aproni, akatazama saa yake, akaondoka mbio kuelekea barabara ya pili, maana alikuwa amechelewa kazini na baba yake si mtu wa kuchelewewa. Karani akaanza kuzitoa funguo kwenye pete, mojamoja.