Antena Iliyokuwa Kiziwi

Usiku ule nililala na viatu, taa inawaka, kipande cha antena kiko juu ya mto. Kilikuwa kibati cha shaba kisichozidi ukubwa wa kiberiti, ambacho nilikuwa nimekichora na kukikata upya mwezi mzima. Kilitakiwa kikae ndani ya redio ndogo za askari wa msitu na kunasa mawimbi ya setilaiti, ili wajue walipo, wasipotee tena. Lakini kila nilipokipunguza, kilizidi kuwa kiziwi. Wenzangu wa maabara walipouliza, nilijibu, "Kinaendelea vizuri." Mtu pekee ambaye ningemwambia ukweli, Mwalimu Mahimbo aliyenifundisha kazi hii, tulikuwa tumemzika kabla ya mvua.

Akaja. Sikusikia mlango. Alikuwa na koti lake la maabara, kola imekunjika upande mmoja kama siku zote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Zuhura."

Akakichukua kibati, akakipuliza vumbi. Nilitaka kumweleza vipimo, lakini chumba kilikuwa tayari ni msitu. Tunatembea, yeye mbele, majani yamefunga juu yetu hata mbingu haionekani. Nakiinua kibati kwa mikono miwili. Kimya. Nageuka huku na huku, Mwalimu simwoni. Nataka kumwita, sauti hainitoki.

Kisha tuko darasani, viti vyote vitupu, mimi nimekaa mstari wa nyuma. Anafuta ubao uliojaa mahesabu yangu. Anafuta polepole, bila hasira, mpaka unabaki mweusi.

"Umekosea wapi?"

"Sijui, Mwalimu."

Anaweka kifutio chini. Machozi yananilenga.

"Hilo," anasema, "kawaambie walio hai."

Nikanyoosha mkono nimshike. Koti lilikuwa la baridi, halafu halikuwepo.

Niliamka kumekucha, alama ya kibati imejichora shavuni. Nikampigia Tumaini, ambaye tunatumia naye meza moja maabara na sijawahi hata kumwuliza anaishi wapi.

"Tumaini, antena yangu hainasi kitu. Na sijui nilipokosea."

"Mimi nimekwama tangu Mwalimu aondoke," akasema. "Nilidhani niko peke yangu. Njoo nyumbani, nitakuelekeza njia. Nimeinjika chai."