Kifungu cha Arobaini na Nane

Vita vya pili vilipokwisha nilikuwa nimeshaposwa, na chama cha akina mama wa mtaa wa Kuze kilikuwa na mali tatu: masufuria mawili makubwa ya kupikia pilau ya arusi, na shangazi yangu, mwenyekiti. Masufuria yaliazimwa kwa zamu. Asiyeyapata atapikia vijungu vya nyumbani, na watu watamsema mpaka mjukuu wake aolewe.

Zamu ziligombaniwa kila mkutano. Shangazi akachoka, akataka sheria iandikwe, na mwandishi nikawa mimi kwa ajili ya hati yangu nzuri. Tukaenda kwa fundi saa, Myahudi wa Kijerumani aliyekimbia kwao akapanga chumba karibu na Marikiti. Kwao alikuwa wakili. Kwetu alichokonoa saa za watu.

Tulipomwuliza kwao walitumia sheria gani, masikini, uso ulimng'aa. Akatueleza katiba waliyoitunga baada ya vita vya kwanza: watu wote sawa, mwanamke apige kura kama mwanamume, kila mtu aseme lake. Shangazi alikuwa akijipepea tu. Kisha fundi akateremsha sauti, akataja kifungu cha arobaini na nane: nchi ikiingia hatarini, rais aweza kuziweka haki kando na kuamuru mwenyewe. Hapo ndipo walipoingilia panya waliomfukuza kwao, akasema.

Shangazi akaacha kujipepea. "Hicho," akaniambia. "Hicho kiandike kwanza."

Fundi akashika kichwa. Akatusihi, kama hatuna budi, tuongeze chini yake kwamba wajumbe wakitaka, amri ya rais, kwetu mwenyekiti, hufutwa. Nami, Mungu anisamehe, sikuandika. Karatasi ilikuwa adimu, na shangazi ameshasimama anavaa buibui lake. Vifungu vyetu kwa jumla vilikuwa sita, lakini cha kwanza tulikiita cha arobaini na nane, kwa heshima.

Basi hatari zikaanza. Mvua ikinyesha, hatari. Wenzetu wa mtaa wa Kibokoni wakinunua mikeka mipya, hatari, na mkutanoni ni marufuku kusema. Nilicheka sana, mimi mwandishi wa serikali. Nilicheka mpaka siku mama yangu alipobishana na wifi yake huyo juu ya chumvi ya pilau. Shangazi akatangaza hatari, akaitoa zamu yangu akampa binti wa jirani, na arusi yangu imebaki wiki mbili. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Sheria ile niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Mkutano uliofuata nilikwenda na ule mstari niliouruka, nimeuandika kwenye karatasi ya kufungia sukari. Nikausoma, nikaomba wanaotaka amri ifutwe wanyooshe mkono. Hakuna aliyenyoosha. Kila mmoja ana binti wa kuozwa, kila mmoja anautazama mkeka aliokalia. Hata mama yangu, ambaye ulimi wake hauna nanga.

Mara bibi kizee mmoja, aliyekuwa akisinzia tangu fatiha, akazinduka. Akaona dele la kahawa linapita mbali naye, akanyoosha mkono aletewe kikombe. Jirani yake akauona mkono ule, akanyoosha wake. Akafuata mwingine, na mwingine. Kumbe wote walikuwa wakimngoja wa kwanza tu! Shangazi akaitazama mikono, akasema hata yeye alikuwa na nia ya kuifuta ile amri.

Pilau yangu ilipikwa katika masufuria yale. Chumvi ilizidi, kama alivyotaka shangazi.

Fungate ilipokwisha, mimi na mume wangu tulimpelekea fundi sahani ya halua, nikamsimulia. Alicheka hata kioo chake cha jichoni kikamdondoka. Akakiokota, akakipangusa muda mrefu kuliko kilivyohitaji. Nikamwuliza: je, kwao ule mstari hawakuuandika?

"Tuliuandika," akasema. "Na wajumbe walikuwapo. Lakini kwetu hakuna aliyetaka kahawa."